Mwaloni Mfupi wa Cedar Hill

Sisi tuliokulia Euless, Texas, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, kabla simu hazijaanza kujua kila kitu, tulizoea kuishi na maswali yasiyojibiwa. Ukitaka kujua maana ya neno, ulingoja Jumamosi upelekwe maktaba. Ukitaka kujua kama rafiki yako yupo, ulipanda ngazi ukagonga mlango, na mamake akakwambia amelala hata kama unamsikia anacheka ndani. Nikiwahadithia wanangu mambo haya hunitazama kama mtu aliyenusurika vita.

Fleti zetu zilikuwa karibu na uwanja wa ndege, karibu kiasi kwamba ndege ikipita mazungumzo yalikatika, na ikishapita yakaendelea palepale yalipoachwa. Wageni tu ndio waliokuwa wakitazama dari. Uani tulikuwa na watoto wa Kitonga, wa Kimexico, wa Kisomali, na sisi Wakenya wa pwani, na lugha yetu ya kuchezea ilikuwa Kiingereza kilichotiwa viungo vya kila nyumba. Mimi ndiye niliyewafundisha kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira wa soksi kuukuu, na naamini hadi leo kuna Mtonga mtu mzima mahali fulani anayedhani kati ni mchezo wa Kimarekani.

Jumapili asubuhi ngazi zote zilinukia iliki kutoka mlango wetu. Mama alikuwa akikaanga mahamri, na kando yake sufuria ya mbaazi za kopo kutoka duka la Walatino na tui la kopo pia. Kila Jumapili alizilalamikia. Alisema mbaazi za kopo hazina adabu, zinakataa kushikana na nazi. Sisi tulizila mpaka sufuria ikang'aa, naye hakuacha kulalamika.

Jina langu ni Mwanamisi. Shuleni liliwashinda, wakalikata wakaniita Missy, nami nilipenda, maana nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka sana kufanana na wenzangu. Nyumbani nilikuwa nimeanza kujibu kwa Kiingereza. Mama akinisemesha kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, yeye akaendelea kwa Kiswahili, na hivyo tukaishi, kila mmoja upande wake wa mto.

Sasa nimtaje Baba, kwani habari hii ni yake.

Kabla ya Mama kushinda bahati nasibu ya viza, Baba alikuwa mlinzi wa msitu kwetu Kwale, kwenye vilima vya Shimba. Msitu ule aliujua mti kwa mti. Mama husimulia kwamba siku za uchumba wao alimpitisha humo akamtajia mvule, mrihi, mbambakofi, mgurure, na mingine alikwangua gome kwa kucha akamnusisha. Mama alidhani ameposwa na mganga. Nami nakumbuka kidogo, nikiwa nimebebwa mabegani, mkono wake ukielekeza juu na sauti yake ikitaja majina.

Euless alipakia mizigo uwanjani. Alirudi amechoka mgongo, akaoga, akasali, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mwanzoni nilikuwa nikimuuliza, kama nilivyozoea, mti huu unaitwaje, Baba, na ule je? Alikuwa akinijibu, "Sijui, mwanangu. Huo ni wa kwao." Baada ya mwaka mmoja niliacha kumuuliza.

Nilipokuwa darasa la tano, mwezi wa Mei, mwalimu wetu wa sayansi, Bi Tolliver, alitupa kazi ya kufungia mwaka. Kila mtoto alete daftari la majani kumi na mawili ya miti ya asili, kila jani na jina lake. Enzi zile hukupiga picha. Ulichuma jani, ukalilaza katikati ya kile kitabu kinene cha namba za simu walichokuwa wakituachia mlangoni, ukaweka juu yake sufuria yenye maji, ukangoja wiki. Kisha Mama alilipigia pasi polepole kati ya karatasi mbili za nta, na fleti nzima ikanuka mshumaa na nyasi. Kila nikisikia harufu ya nta mahali, hata leo, hunijia fleti ile na ngurumo za ndege zilizokuwa zikipita juu yake.

Majani kumi na moja niliyapata bila kutoka mbali. Palikuwa na mforosadi, ambao matunda yake yalitia viatu vyetu madoa. Palikuwa na mti wenye majani ya umbo la moyo, na mpekani wa jirani, wenye njugu za maganda magumu. Nyuma ya maegesho ya magari palikuwa na mwaloni mkubwa wa kwetu wote, ule wanaouita mwaloni wa nguzo kwa vile zamani walikuwa wakiukata kwa nguzo za ua. Jani lake ni nene, linakwaruza, na limekaa kama msalaba. Mwalimu aliutaja darasani mara nyingi, kwa hiyo huo sikuusumbukia.

La kumi na mbili ndilo lililotuletea maneno.

Jumapili moja Wakenya wa Dallas na Fort Worth walikutana kwa nyama choma katika bustani ya ziwa kule Cedar Hill, kusini mwa Dallas, ambako ardhi inayojulikana kwa utambarare inainuka ghafla ikawa vilima vya mawe meupe ya chokaa. Wanaume walikuwa wameshaanza siasa za nyumbani kabla makaa hayajashika. Baba hakuwa mtu wa siasa. Alisimama, akafuta mikono, akaanza kupanda mteremko peke yake, nami nikamfuata na mfuko wangu wa plastiki. Mama alipiga kelele nyuma yetu kwamba kuna nyoka wenye njuga mkiani, na Baba akainua mkono kuonyesha amesikia.

Juu kule mawe yalikuwa meupe hata yanaumiza macho, na kati yake vimeota vichaka, vingine vya kunifika kiunoni, vingine vya kumpita Baba kidogo. Baba alisimama mbele ya kimoja. Alikizunguka, akachutama, akatazama shina. Shina halikuwa moja, yalikuwa saba au manane yametoka pamoja chini, na gome lake lilikuwa la kijivu likibanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Alikata jani, akaligeuza, akalipitisha mdomoni. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kwale:

"Huu ni mwaloni. Lakini si ule wa maegesho. Ni mwingine."

Nilimuuliza unaitwaje. Akasema jina halijui, lakini mti anaujua sasa, niandike mwaloni mfupi wa mawe meupe, mwalimu atatwambia lililobaki. Niliandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa kalamu ya buluu, na chini yake nikachora kichaka.

Daftari liliporudi, jani la kumi na mbili lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Bi Tolliver aliandika kwamba huu ni mwaloni wa nguzo uliodumaa, mti mchanga kwenye udongo mbaya, na kwamba nimeuhesabu mti mmoja mara mbili. Katika kitabu chake cha darasa haukuwamo mwaloni wa namna ile. Hakuwa mwalimu mbaya, na nitakuja kumtaja tena. Lakini wenzangu waliona ule wino, na mmoja akasoma kwa sauti maneno niliyoandika, mwaloni mfupi wa mawe meupe, na darasa likacheka.

Nilifika nyumbani nikiwa nimefura. Baba alikuwa mezani anakula. Nikaliweka daftari mbele yake, na kwa Kiingereza changu cha shule nikamwambia, "Hujui chochote cha huku, Baba. Huku hujui kitu."

Mama aligeuka na mwiko mkononi. Akaniambia mzazi hajibiwi hivyo, si kwa Kiswahili si kwa Kizungu, na niombe radhi hapo hapo. Baba akamwambia, "Muache." Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alivuta daftari, akasoma yale maandishi mekundu polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaliomba lile jani. Nikampa. Akalirudisha ndani ya kitabu cha namba za simu, akamaliza chakula chake. Mimi sikuomba radhi. Nilikwenda kulala mapema nikageukia ukuta.

Shule zilifungwa. Wenzangu walikwenda kuogelea, na mimi nikawa natazama dirishani. Jumapili ambazo hakuwa kazini, Baba alichukua chupa ya maji, akaingia kwenye gari letu lisilokuwa na kipoza hewa, akaenda Cedar Hill peke yake. Alikwenda mara ya kwanza, akaenda ya pili. Mama alimuuliza anatafuta nini mlimani juani, akasema anakwenda kumtazama mgonjwa. Mara ya tatu nilimkuta anavaa viatu, nikavaa vyangu, nikaketi kiti cha mbele. Naye akawasha gari.

Kiangazi kile ndipo niliposoma, kuliko darasa lolote. Tulikwenda na majani ya mwaloni wa nguzo kutoka maegesho, tukayalaza kando ya yale ya mlimani juu ya jiwe. La maegesho lilikuwa na vinyweleo chini, ukilipapasa unasikia kama kitambaa cha sufu. La mlimani lilikuwa dogo, jembamba zaidi, kingo zake zikipinda kidogo tu kama mawimbi ya maji kwenye beseni, na chini limepauka. Baba alinionyesha kwamba ule wa maegesho husimama kwenye mchanga, na tulizunguka Euless yote kwa miguu tukaona kila mahali ni mchanga. Huu wa mlimani hatukuuona popote ila penye mawe meupe. Niliposema labda ni kweli umedumaa, kwa sababu ya mawe, hakunikemea. Alisema hilo ni swali la haki.

"Mwalimu anasema huu ni mtoto," akaniambia. "Haya, mtoto hazai. Tungoje tuone. Ukizaa ukiwa kimo hiki, na tunda lake si la yule, tutajua ni mtu mzima na hiki ndicho kimo chake."

Nilimuuliza tena jina, kwa mazoea. Akasema nisiwe na haraka. "Jina ni la mwisho. Anza na udongo, uje kwenye shina, uje kwenye jani, uligeuze. Ukianza na jina utaacha kutazama."

Mwezi wa Agosti jua lilikausha kila kitu. Majani yalijikunja kingoni, nyasi zikawa kama bati, na kupe wakatuingia soksini. Baba alikaa mbele ya kichaka chetu kama anayekaa kando ya kitanda cha hospitali. Alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye tawi moja ili tusipotee. Njiani kurudi, madirisha wazi, upepo wa moto ukitupiga, alianza kunihadithia mambo ya Shimba, jinsi walivyofuata nyayo za ndovu, jinsi mkubwa wake alivyopotea siku mbili ndani ya msitu aliodai kuuchora ramani. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Sijui ni lini hasa, katika safari zile, nilipoanza kumjibu kwa Kiswahili. Mama ndiye aliyegundua. Aliniongeza hamri.

Septemba tuliona vitu vya kijani mfano wa vifungo, vimejificha kwenye makwapa ya majani. Mwezi wa Oktoba, Jumapili yenye ubaridi wa kwanza, tulipanda tukakuta kitambaa chekundu kimepauka kuwa waridi, na chini yake kokwa ndogo za kahawia, kila moja na kofia yake nyembamba imekaa kichwani kama kibaraghashia kisichomtosha mwenyewe. Tawi lililozaa zaidi lilinifika kifuani. Baba alichuma moja, akaiweka kiganjani mwangu, akaikunja mikono yangu juu yake. Ndipo nilipomwambia yale niliyopaswa kumwambia Mei.

"Baba, nisamehe yale niliyosema."

Alikuwa akitazama kichaka. Akasema, "Ulisema kweli. Nilikuwa sijui." Kisha akanipa mfuko nikusanye.

Kufikia hapo nilikuwa darasa jingine, na shule nyingine, na alama za mwaka uliopita hazikuwa na maana kwa yeyote. Baba alivaa shati lake la Idi, tukaenda shule ya zamani baada ya masomo. Bi Tolliver alitusikiliza akiwa amesimama. Baba alipanga mezani matawi mawili, kokwa za aina mbili, na vipande viwili vya gome, nami nikatafsiri. Mwalimu alivua miwani, akavaa, akageuza jani kama tulivyoligeuza sisi. Mwisho akamtazama Baba, si mimi, akasema alikosea kuandika kwa uhakika jambo ambalo hakuwa na uhakika nalo, na kwamba mti huu haujui. Nilimtafsiria Baba hadi neno la mwisho. Mtu mzima kukiri hivyo mbele ya mtoto, mimi sikuwa nimewahi kuona.

Yeye ndiye aliyetuunganisha na mzee mmoja mstaafu aliyewahi kufundisha mimea chuoni, jina lake Wendell, mrefu, mwembamba, na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Jumamosi iliyofuata tulimpeleka Cedar Hill. Alipanda taratibu akihema, na Baba akatangulia, akimwondolea miiba njiani. Mzee alipofika alipiga magoti kwenye mawe, akatazama gome, akatazama jani juu na chini kwa kile kioo, akaitoa kokwa kofia. Kisha akaniambia nimuulize Baba alijuaje.

Baba alisema nimwambie aliona udongo kwanza. Halafu akaendelea, shina, jani, tunda, kwa utaratibu uleule, na kwa kila jambo mzee aliitikia kwa kichwa. Tulipomaliza akacheka kwa furaha. Akasema ni sahihi kabisa, ni aina yake peke yake, wenyeji wanauita mwaloni wa muundi. Nilipomtafsiria Baba, aliinua suruali akaonyesha miundi yake yote miwili ilivyochanwachanwa tangu Mei, nao wakacheka pamoja, wazee wawili wasiokuwa na lugha moja.

Mzee Wendell alisema anaujua mti huu kutoka sehemu nyingine, lakini kutoka mteremko huu hajawahi kukusanya. Akamwomba Baba akate tawi lenye majani na matunda, akalilaza kwenye magazeti na kulibana kwa mbao. Alitoa karatasi ndogo ya kubandika, akajaza jina la mti, mahali na tarehe. Palipoandikwa mkusanyaji akasimama, akamkabidhi Baba kalamu. Baba alirudi nyuma. Aliniambia nimwambie mzee kwamba yeye mzee ndiye mwenye elimu. Mzee akajibu, "Mimi nimeleta jina tu. Yeye ndiye aliyeuona."

Baba aliikalisha karatasi juu ya goti lake. Aliandika majina yake matatu, la kwake, la babake na la babu yake, kwa ule mwandiko wa mviringo wa shule za zamani, akapuliza wino ukauke. Tulirudi Euless. Tulipoingia uani alipita karibu na mwaloni wa maegesho, akauwekea mkono, akautaja kwa jina lake. Kuanzia wiki ile nilimuuliza miti tena. Mingi bado alikuwa haijui, lakini hakusema tena ni wa kwao. Alisema, "Tutautazama."

Miaka imekwenda. Baba na Mama walirudi Kwale walipostaafu, nami naishi Houston, upande wa Sharpstown, kwenye udongo mzito mweusi na ardhi tambarare kama sinia, nafanya kazi kliniki. Wanangu wawili ni watu wa kisasa. Wakiona kitu wasichokijua hawasemi sijui. Neno hilo kwao limekufa. Wanainua simu.

Mwaka jana niliwapeleka Cedar Hill. Sehemu kubwa ya mteremko sasa ni nyumba zenye gereji za magari matatu, na barabara imepewa jina la mti uliong'olewa kuipisha. Lakini kipande kimebaki, na vichaka vimo. Binti yangu aliinua simu, ikalia kidogo, akanisomea jina la kawaida na la Kilatini, bila kosa. Hata sekunde tano hazikufika. Nikamwambia umepatia. Akasema anajua. Kakake akauliza kwa Kiingereza kama sasa tunaweza kwenda kula, kwani nje kuna joto.

Siwalaumu. Wamepata jibu, na jibu ni sahihi, na hawakumvunjia mtu heshima wala kuchanwa miundi. Mimi lile jina la Kilatini nililisahau zamani, na la kawaida nalo wakati mwingine hunitoka mpaka niwaulize wao. Ninachokumbuka ni upepo wa moto dirishani, na sauti ya Baba ikirudi kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili, kwa mti ambao hatukuwa na jina lake. Tulipewa kiangazi kizima cha kutojua pamoja. Wanangu sijui nitawapatia wapi kiangazi kama hicho.

Waliteremka mbele yangu kwenda kwenye gari, wakawasha kipoza hewa. Mimi nikachutama, nikashika jani moja bila kulichuma, nikaligeuza, nikalitazama chini kwa muda wangu, mpaka waliponipigia honi.